Sakarbai na Tanga la Petroli

Temeke ya miaka ile baada ya vita vya pili vya dunia, watu wengi walimjua Sakarbai kwa sauti ya cherehani yake kabla ya kumjua kwa sura. Duka lake la vitambaa na nyuzi lilikuwa na baraza pana la saruji, na hapo barazani ndipo alipokaa tangu asubuhi, shela jeupe limemteleza mabegani, akishona chochote mtaa ulichomletea: magodoro, vyandarua, foronya za maarusi, maturubai ya malori yaliyobeba mkaa kutoka Mbagala. Wazazi wake walitoka Kachi, Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa. Mumewe, Shamsuddin, alifariki vita vilipokuwa vinaanza. Binti yao wa pekee, Zohra, alikuwa ameolewa Tanga. Basi Mama Zohra, kama mtaa ulivyomwita, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwenye duka lake, kazi yake na ulimi mwepesi. Ukimpelekea kitambaa cha gauni, alikutazama kichwani hadi miguuni akakuambia hakitoshi kabla hujakikunjua.

Wakati wa vita alipewa kazi ya kushona mahema ya askari, akaletewa na cherehani kubwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, inayoweza kutoboa turubai lililokunjwa mara nne. Vita vikaisha, mahema yakachukuliwa, cherehani ikabaki. Hakuna aliyekuja kuiulizia, na Sakarbai naye hakumuuliza mtu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani wa nyumba ya pili, Atuganile, Mnyakyusa wa Rungwe ambaye mumewe alikuwa karani wa reli. Atuganile alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na kicheko chake kilisikika hadi sokoni. Kila alasiri alikuja na kiti chake, wakanywa chai ya tangawizi, na mmoja akishona mwingine alisimulia. Maisha ya Sakarbai yalikuwa hayo, na hakuwa akiyalalamikia. Angeweza kuzeeka nayo, kama si ile mashua.

Keko, mwendo wa kutembea kutoka Temeke, kulikuwa na Haiderali, muuza misumari na rangi, ambaye pia alinunua vyuma chakavu. Alikuwa Shia kama Sakarbai, wakijuana kwa kuonana msikitini siku za maombolezo ya Muharam, basi. Mtu mnene kidogo, mpole, aliyefiwa na mke miaka mingi na hakupata mtoto. Mwaka wa 1948 alisikia kuna mashua ya Kizungu imelala kwenye tope la Mtoni, katikati ya mikoko, na serikali inaiuza kwa anayetaka kuivunja. Haiderali alijua kwamba mashua za namna hiyo huwa na pande kubwa la madini ya risasi chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, ili zisipinduke, na misumari ya shaba mwili mzima. Akainunua bila hata kuingia ndani yake. Kisha akamtafuta fundi wa kuivunja.

Fundi aliyempata alikuwa Mfaume, mzaliwa wa Kigamboni, mtu wa makamo aliyetengeneza mashua za wavuvi na za mizigo. Walifika Mtoni asubuhi, maji yametoka. Mfaume alikuwa na shoka begani na msumeno mkononi. Alipoiona ile mashua imelala ubavu, rangi imebambuka, kuku wa mtu wamelala ndani, alisimama. Akaizunguka mara moja, taratibu, akafika tezini, kule nyuma, akafuta tope kwa kiganja hadi herufi za shaba zikaonekana.

"Hii naijua," alisema. "Hii ni Petroli."

Haiderali alimwambia mashua hii haina injini, tangu lini iitwe Petroli. Mfaume akacheka. Jina lake halisi, alieleza, ni Petrel, ndege mdogo wa bahari kuu anayepita juu ya mawimbi kama anayatembelea kwa miguu. Lakini mabaharia wa Dar es Salaam hawakuwa na haja na ndege wasiyemjua. Waliita Petroli, na Petroli ikawa.

Mfaume alikuwa baharia wake ujanani. Alikaa juu ya gogo la mkoko akamsimulia Haiderali habari zake zote. Ilijengwa Uskochi, miaka mitano au sita kabla ya vita vya kwanza, na mzee mmoja aliyejenga na wanawe, kwa msaji wa Burma. Daktari mmoja wa huko ndiye aliyeileta Dar, imefungwa juu ya sitaha ya meli kubwa kama mzigo wa piano. Kwa miaka minane Mfaume alivuta kamba zake. Alikwenda nayo Unguja, Mafia, Tanga. Alisema mashua nyingine hulima maji, lakini hii iliyapasua kama mkasi unavyopita kwenye hariri, bila kelele, ukageuka nyuma ukaona maji yamejifunga tena. Daktari alipostaafu akamwachia bwana mmoja wa katani. Vita vikaja, yule bwana akaenda vitani na hakurudi, na Petroli ikasukumwa mtoni ikasahaulika.

Haiderali alisikiliza yote hayo kwa adabu. Kisha akauliza waanzie wapi kuvunja.

"Tajiri, kazi ni kazi," Mfaume alisema. "Ukiniambia nivunje, nitavunja. Lakini maiti huoshwa kabla ya kuzikwa. Nipe siku ya leo niioshe."

Haiderali angeweza kukataa, lakini neno lile lilimgusa. Alikunja suruali, akaketi kwenye gogo, akamtazama Mfaume akichota maji ya mtoni na kusugua kwa makumbi na mchanga. Alipochoka kutazama, alichukua kumbi naye akaanza kusugua upande wa pili. Kwanza lilitoka tope, kisha kinyesi cha kuku, kisha rangi ya kijivu iliyopakwa ovyo, na chini ya rangi ukatokea ubao wa msaji, wa rangi ya asali mbichi. Sitaha yake haikuwa ya mbao zilizonyooka. Kila ubao ulikuwa mwembamba kama vidole viwili vya mkono, umekunjwa kufuata umbo la mashua, na zote zilikutana omoni, kule mbele, kama mistari ya kiganja. Ndani kulikuwa na kabati dogo la mkangazi lenye milango ya kuteleza, na taa ya shaba iliyoning'inia kwa namna ambayo hata mashua ilipolala ubavu, taa ilisimama wima. Haiderali aliisukuma kwa kidole. Ikayumba, ikarudi wima. Akaisukuma tena.

Alasiri alitoka nje akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama yote kwa pamoja. Alikuwa ameuza misumari maisha yake yote na hakuwahi kuona misumari imefanya kitu kama kile. Kiuno cha mashua kiliingia na kutoka kwa mstari mmoja tu, kutoka omo hadi tezi, na hapakuwa na mahali ambapo jicho lilikwama.

"Mzee Mfaume," alisema, "shoka lirudishe nyumbani."

Keko ilicheka, na Temeke ikacheka zaidi. Walisema Haiderali amenunua Petroli isiyowaka. Yeye alijibu kwa tabasamu, akaendelea kwenda Mtoni kila Jumapili na kila alasiri duka lilipokuwa kimya. Mfaume aling'oa mataruma, zile mbavu za ndani, yaliyooza akachonga mapya ya mvule. Waliziba nyufa zote kwa pamba na mafuta, wakisimamisha kazi kila maji yalipojaa. Haiderali alijipa kazi ya kung'arisha shaba, na mikono yake ikawa ya kijani. Kufikia mwaka uliofuata Petroli ilikuwa imeelea, nyeupe ubavuni, asali juu, mlingoti wake wa msonobari umepakwa mafuta hadi ukang'aa. Kitu kimoja tu kilikosekana. Matanga yake ya zamani yalikuwa yameliwa na panya na ukungu, yamebaki vipande.

Mfaume ndiye aliyesema, kuna mwanamke Temeke mwenye cherehani ya jeshi.

Haiderali alifika barazani kwa Sakarbai akiwa amevaa kofia yake nyeusi ya siku kuu. Atuganile alikuwapo, na baadaye alipenda kusimulia jinsi yule bwana alivyozunguka maneno, akauliza hali, akasifu chai, akauliza habari za Zohra wa Tanga, kabla ya kufika kwenye tanga la mashua. Sakarbai alimsikiliza hadi mwisho.

"Tanga ni turubai la pembe nne," alisema. "Nimeshona mahema ya askari ambao hata majina yao siyajui. Leta kitambaa, na hivyo vipande vya zamani nivitazame."

Kitambaa kililetwa kutoka Bombay, turubai jepesi la pamba, jeupe, lenye harufu ya shamba. Vipande vya tanga la zamani Sakarbai alivipiga pasi ili achukue kipimo. Vilimsumbua. Kila alipovinyoosha upande mmoja, upande mwingine uliinuka. Akasema vimevutika kwa uzee, kama shingo ya fulana, akapima kwa makadirio akakata kitambaa kipya kimenyooka sawasawa, kama anavyokata hema.

Lile tanga halikuenea barazani, wala dukani, wala uani kwake. Ikabidi litandazwe kwenye uwanja wa mpira. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi na vijana walitaka kucheza. Walipokuta uwanja umefunikwa kwa kitambaa cheupe na wanawake wawili wamepiga magoti katikati, walianza kunung'unika. Atuganile akawaambia kwamba upepo unalipeperusha tanga, na mwanaume mwenye uzito aje akae ukingoni. Wote wakataka kuonekana wenye uzito. Timu mbili nzima zikakaa kulizunguka tanga, zimejipanga kama watu kwenye shughuli, huku Sakarbai akitambaa na sindano kubwa na uzi wa nta. Mpira ulichezwa jua likiwa limeshapoa, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya kulijaribu, nusu ya Temeke ilishuka Mtoni. Mfaume na Haiderali waliingia ndani, tanga likapandishwa mlingotini, jeupe, limenyooka bila mkunjo hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Sakarbai alisimama ukingoni na kifua mbele.

Upepo ulikuja, na tanga likaupokea kama mlango unavyoupokea. Petroli haikwenda mbele. Ilikwenda ubavu, kama kaa, polepole, huku Mfaume akivuta kamba huku na kule, mpaka ikaegemea tope la upande wa pili ikakaa hapo. Kisha Atuganile akacheka. Alijaribu kujizuia kwa kanga mdomoni, lakini haikusaidia, na kicheko chake kikawafungulia wengine wote. Haiderali kule topeni naye alikuwa anacheka hadi akashika tumbo. Sakarbai peke yake hakucheka. Alisubiri mashua irudishwe, akaamuru tanga lishushwe, likabebwa na watu sita hadi kwake, na kwa siku kadhaa hakutaka kusikia neno bahari.

Dawa ilitoka kwa Atuganile bila mwenyewe kujua. Pasaka ilikuwa karibu, akaleta kitambaa cha blauzi. Sakarbai alikikata, akakiunga, akamvisha ili ajaribu. Kwenye kifua kilibana, kiunoni kikalegea. Sakarbai akachukua pini, akabana mkunjo mdogo uliochongoka chini ya titi, upande huu na upande ule, kama alivyofanya maelfu ya mara. Kitambaa kikaacha kupigana na mwili. Kikajaa pale palipotakiwa kujaa.

Akabaki na pini mdomoni, akikitazama kile kitambaa.

"Mama Zohra, kuna nini?" Atuganile aliuliza.

"Upepo una kifua," Sakarbai alisema. "Na mimi nimeushonea hema."

Akaingia ndani akavitoa vile vipande vya tanga la zamani alivyohangaika kuvipiga pasi. Sasa aliona. Havikuvutika kwa uzee. Yule mshonaji wa Uskochi, ambaye Sakarbai hakujua kama alikuwa mwanamume au mwanamke, alikuwa ameviunga hivyo makusudi. Pale kipande kirefu cha kitambaa kilipokutana na kingine, mshono ulikuwa mwembamba katikati na mpana kwenye ncha, ili tanga likishonwa lote lipate tumbo lake. Sakarbai alipitisha kidole kwenye mshono ule mara nyingi, kama mtu anayesoma. Baadaye aliwaambia watu kwamba siku hiyo alijisikia amesalimiwa na mtu wa mbali sana.

Alifumua tanga lote. Atuganile alisaidia kufumua, kwa kuwa alidai kicheko chake kilikuwa na deni, na akajifunza kushona na cherehani ya jeshi kwenye kazi hiyo hiyo. Uwanja wa mpira ukaombwa tena, na wachezaji safari hii walikaa ukingoni bila kuambiwa.

Haiderali alipokuja kulichukua, Sakarbai alimwekea sharti.

"Nguo haijaribiwi kwenye msumari ukutani," alisema. "Mshonaji anamtazama mvaaji akitembea. Nitapanda."

Haiderali alitazama chini, akasema itakuwa heshima, na kwamba bila shaka Mama Atuganile pia angependa upepo wa bahari. Atuganile, aliyekulia milimani na hakuwa amepanda chombo chochote zaidi ya gari moshi, alikubali kabla ya swali kwisha.

Walitoka Mtoni asubuhi, watu wanne: Mfaume kwenye kamba, Haiderali kwenye usukani, wanawake wawili wamekaa chini karibu na mlingoti. Tanga lilipanda. Upepo wa kusini ulikuja juu ya mikoko, ukaligusa, na Sakarbai akaona kitambaa alichokikata kwa mikono yake kinavuta pumzi. Kilijaa kuanzia mbele kurudi nyuma, taratibu, bila mkunjo, na mashua ikainama kidogo kama mtu anayeitikia salamu. Hapakuwa na kelele. Ukingo wa Kurasini ulianza kurudi nyuma. Mfaume alikuwa ameshika kamba, machozi yanamtoka, na alisema ni moshi, ingawa hapakuwa na moto popote.

Walipita kando ya meli kubwa zilizotia nanga bandarini, mabaharia wakawapungia mikono kutoka juu. Walipita Magogoni upande wa kushoto na Kigamboni upande wa kulia, wakatoka kwenye mlango wa bandari. Hapo bahari ilianza kupanda na kushuka. Ilipanda kidogo tu, lakini Haiderali akanyamaza, kisha akawa wa rangi ya majivu, kisha akaomba samahani kwa adabu kubwa, akauacha usukani akaikimbilia ndoo.

Mfaume alikuwa mbele, mikono yote miwili kwenye kamba. Atuganile alikuwa ameukumbatia mlingoti. Sakarbai alikuwa ameshasogea nyuma kulitazama tanga lake, na ndiye aliyekuwa karibu na usukani.

"Mama Zohra, ushike," Mfaume alisema. "Usiukaze. Utazame ukingo wa tanga, ukianza kutetemeka, uvute kwako kidogo."

Akaushika. Ule mti wa usukani ulikuwa na uhai ndani yake. Ulisukuma kiganja chake, kwa upole, jinsi kitambaa kizito kinavyosukuma mkono wakati cherehani inakitafuna. Maisha yake yote alikuwa ameongoza kitambaa kipite chini ya sindano kwa mguso huo huo, wala asivute, wala asiachie. Alitazama ukingo wa tanga. Ulitetemeka, akavuta kidogo, ukatulia. Petroli ikaongeza mwendo. Shela lake likamtoka kichwani likamwangukia shingoni na hakulirudisha mara moja. Mbele yake hapakuwa na nyumba, wala mteja, wala ukuta. Akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha, na Atuganile kwenye mlingoti akacheka naye, na Haiderali akainua kichwa kutoka kwenye ndoo, akamwona mwanamke yule kwenye usukani na tanga lote limejaa juu yake, akasema, kwa sauti dhaifu, "Mashallah," kisha akairudia ndoo.

Waliporudi, jambo la kwanza Sakarbai alilosema ni kwamba pembe ya juu ina mkunjo, na ataurekebisha.

Ukawa mtindo wa kila Jumapili. Haiderali alijaribu kila dawa: tangawizi, ndimu, ukwaju, kufunga bila kula, kula sana. Mtu mmoja alimwambia avae sarafu ya shaba kitovuni, akavaa. Hakuna kilichosaidia. Mtoni alikuwa sawa, bandarini alikuwa sawa, lakini mlango wa bandari ulipofika alikuwa mgonjwa. Mwishowe akaacha kupanda. Akawa anawasindikiza Sakarbai, Atuganile na Mfaume hadi ukingoni, kisha anakaa kwenye gogo la mkoko na chupa ya chai, akiwasubiri.

Baada ya miezi kadhaa ya hayo alikuja barazani tena na ile kofia nyeusi. Atuganile alikuwapo, kama kawaida, na alijifanya anahesabu vifungo.

"Sakarbai," Haiderali alisema, "nilinunua mashua na Mungu hakunipa tumbo la kuipandia. Nilifikiri kuiuza. Kisha nikaona, nikiiuza, utakuwa huna pa kwenda Jumapili."

"Na wewe?" aliuliza, macho kwenye sindano.

"Mimi nitakuwa sina wa kumngojea akirudi."

Cherehani iliendelea hadi mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Nenda Kariakoo ukaongee na shemeji zangu, kama watu wanavyofanya," alisema. "Na mashua usiiuze."

Zohra alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya nikaha ya mama yake. Alikuja na wasiwasi, akasikia habari yote kutoka kwa Atuganile, pamoja na ile ndoo, akaondoka ameridhika. Kina mama msikitini walinong'ona kwa muda kuhusu mwanamke wa umri ule anayeendesha mashua ya Wazungu, kisha mmoja wao akaomba apelekwe, na wengine wakafuata, na minong'ono ikawa ni ya kupanga zamu.

Jumapili moja ya mwaka wa 1952, Petroli ilikuwa inarudi kutoka nje ya bandari wakati mashua mpya kabisa, nyeupe, ya Wazungu wawili, ilipotokea nyuma yake. Ilikuwa imetoka Uingereza mwaka ule ule. Mfaume alitazama nyuma akasema, bila kuinua sauti, kwamba hawa wanataka kupita. Sakarbai alisema bahari ni pana, wapite. Lakini akasogea kidogo kwenye kiti chake, akautazama ukingo wa tanga kwa namna nyingine, na Atuganile, ambaye sasa alizijua kamba, akavuta bila kuambiwa. Mashua zile mbili zilikwenda sambamba kutoka nje hadi mlango wa bandari, karibu kiasi cha kuwaona wale mabwana wakiacha kuzungumza. Kwenye mlango, ambapo upepo hugeuka, Petroli iliinama, ikapita mbele kwa urefu wake mzima, kimya kama ilivyokuwa kawaida yake. Mzungu mwenye usukani alivua kofia akaipunga.

Wiki hiyo hiyo alifika Temeke akiuliza ni nani aliyeishonea Petrel tanga, na kama inawezekana naye ashonewe. Alinyweshwa chai barazani na akapimiwa mashua yake. Baada yake wakaja wengine, na wavuvi wa Kigamboni nao wakaja, waliotaka matanga yao yakatwe kwa mtindo wa Mama Zohra. Duka likakodi chumba cha pili. Atuganile akawa mshirika wa kazi, na pale juu ya mlango wakachora ndege mdogo mweusi juu ya mstari wa bluu, kwa kuwa hawakukubaliana maneno ya kuandika.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka mingi. Siku za Jumapili, kama bahari ilikuwa tulivu, walikuwa na mpango wao. Sakarbai alitoka Mtoni na mashua, pamoja na Mfaume, Atuganile na yeyote aliyekuwa na zamu, akazunguka kwa nje hadi kwenye mchanga mweupe upande wa pili wa Kigamboni. Haiderali alikwenda kwa njia yake. Alivuka Magogoni kwa kivuko, pale ambapo maji hayakumsumbua, akiwa amebeba sufuria la biriani lililofungwa kwa kanga ili lisipoe, akapanda punda wa kukodi hadi ufukweni. Mara nyingi alifika kwanza. Alitandika mkeka, akafungua mwavuli, akakaa akitazama baharini mpaka tanga lile jeupe lilipotokeza nyuma ya miamba, limejaa, na hapo alisimama akaanza kupakua chakula.